Binti wa Kwanza ni wa Nani

Ukimuuliza Monicah Wanjiru kwa nini mjukuu wake wa kwanza hakupewa jina lake, atakwambia kwamba mtoto yule alipewa jina kwa desturi ya Wafaransa. Husema hivyo bila kupepesa macho, huku akimimina chai ya kanisani, na watu huitikia kwa kichwa. Hapa Dubai kila mtu ana mambo ya kwao, na Mkikuyu kuwa na Wafaransa si ajabu kuliko mengine tuliyoyasikia. Mimi ndiye ninayejua hao Wafaransa walitokea wapi. Habari yao bado inaniudhi, ndiyo maana naisimulia.

Naitwa Caren, Mjaluo wa Ahero, nasafisha vyumba katika hoteli moja ya Al Rigga. Monicah kwao ni Ol Kalou. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye uso usiotoa habari; ilinichukua muda kujua kwamba mara nyingi huwa anatania. Mumewe, Ndegwa, alikuwa dereva wa lori la maziwa. Alikufa barabarani mtoto wao wa pekee, Clifford, alipokuwa bado wa kushikwa mkono kwenda shule. Monicah akamwacha mtoto kwa dada yake, akaja huku kufanya kazi za nyumbani ili amsomeshe. Clifford akasoma, akamaliza, akapata kazi Nakuru. Sababu ya kukaa Dubai ikaisha, Monicah akabaki, kama sisi wote.

Tulijuana kanisani. Ijumaa ndiyo Jumapili yetu, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko, na ukumbi tunaosalia tunaupokezana na wengine. Wahindi wa Kerala hutoka, sisi tunaingia, na Wafilipino husimama mlangoni wakingoja tumalize kuimba. Hatumalizi kwa wakati.

Sasa, kuhusu Wakikuyu kuna jambo moja lazima lieleweke. Kwao jina la mtoto halichaguliwi, linarudi. Mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama. Msichana wa kwanza ni nyanya mzaa baba, wa pili ni nyanya mzaa mama. Wala hawasemi mtoto amepewa jina la nyanya. Wanasema nyanya amezaliwa. Kwetu Wajaluo marehemu huja mwenyewe ndotoni kudai jina, jambo ambalo angalau lina adabu. Wakikuyu hawangoji hata ufe. Na kwa kuwa Monicah alikuwa na mwana mmoja tu, alikuwa na mlango mmoja tu wa kuzaliwa: binti wa kwanza wa Clifford.

"Nikizaliwa," aliniambia siku moja, "nataka iwe hospitali yenye maji."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Clifford mwenyewe alizaliwa hospitali isiyo na maji, na Ndegwa ndiye aliyebeba mtungi.

Monicah alifanya kazi kwa familia ya Kiafrika Kusini kule mtaa wa DIP, upande wa nyumba zenye bustani, mbali kidogo na maghala. Sir aliitwa Rossouw na kazi yake ilikuwa kuuza mitambo ya kupoza majengo. Madam aliitwa Ilze, na watoto wao walikuwa wamekwenda chuo, kwa hiyo Madam alikuwa na muda. Mwaka 2015 aliutumia muda huo kutafuta wazee wake waliokufa.

Chanzo kilikuwa Sir. Kila wakifungua divai, aliinua glasi kuwakumbuka Wahugenoti. Hao walikuwa Waprotestanti wa Ufaransa, na mfalme wao, miaka zaidi ya mia tatu iliyopita, aliamua kwamba watu wote watasali kama yeye. Wakatoroka. Baadhi yao Waholanzi waliwapakia melini, wakawapeleka Cape, ncha ya kusini ya Afrika, wakawapa mashamba ya kulima zabibu. Rossouw ni jina la watu hao, kwa hiyo Sir alizaliwa na cheti mdomoni. Madam kwa ubini wa kwao hakuwa na Mfaransa hata mmoja, na Sir alimkumbusha kwa upole, kila chupa.

Madam alimweleza Monicah habari hii akiwa anapanga karatasi.

"Hayo mashamba yalikuwa ya nani?" Monicah akauliza.

Madam alisema anasikia simu inalia, akaenda kuitazama. Simu haikuwa imelia. Monicah hakuuliza kwa ubaya. Ametoka Ol Kalou, Nyandarua, ambako kila shamba lina hadithi ya aliyekuwa nalo kabla.

Meza ya kulia chakula, meza ya watu wanane, ikageuka kuwa ukoo. Karatasi zilienea juu yake kutoka ncha hadi ncha na Madam akakataza zisiguswe, ila zipanguswe vumbi. Mchanga wa Dubai hauna heshima kwa marehemu. Kila asubuhi Monicah aliinua mtu mmoja mmoja, akapangusa chini yake, akamrudisha mahali pake. Sir na Madam walikula jikoni wakiwa wamesimama. Kwa namna hiyo Monicah akawajua wafu wote kwa majina, na Ijumaa aliniletea habari zao kana kwamba ni watu wa plotini kwao.

Madam alikwama kwa Pieter. Walikuwapo Pieter wawili huko Cape, binamu wa rika moja, ubini mmoja. Pieter mmoja mama yake alikuwa Susanna, binti wa wakimbizi wa Kifaransa. Pieter wa pili mama yake alikuwa Aletta, Mholanzi, mke wa baharia aliyeshushwa melini kwa ulevi. Babu wa kale wa Madam alikuwa mmoja wa hawa, na hakuna aliyejua yupi. Madam aliwatazama Pieter hao mpaka macho yakawa mekundu.

Monicah alikuwa na kitambaa cha vumbi mkononi. Walizungumza Kiingereza, naandika kama alivyonisimulia.

"Madam, huyu Pieter wako, binti yake wa kwanza ni nani?"

"Susanna."

"Na wa pili?"

"Aletta."

"Basi mama yake ni Susanna. Khalas."

"Umejuaje?"

"Binti wa kwanza ni mama ya baba. Wa pili ni mama ya mama. Kwani nyinyi huwa mnafanyaje?"

Madam akaketi. Akakumbuka kwamba bibi yake aliwahi kusema jambo kama hilo: mvulana wa kwanza kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Wakaanza kuwapima wavulana wa meza nzima, kizazi kwa kizazi, na kila mvulana alikaa pale Monicah aliposema atakaa. Makaburu wa Cape na Wakikuyu wa Ol Kalou, desturi moja. Wavulana walipokaa sawa, hakuna aliyefikiri kuuliza habari za wasichana. Madam mwenyewe alipewa jina ambalo mama yake alilipenda gazetini, kwa hiyo hakuwa na la kupinga.

Alimkumbatia Monicah. Monicah hakumbatiwi kirahisi. Alisimama tu na kitambaa chake mpaka ikaisha. Lakini Ijumaa ile alitembea kama mtu aliyevishwa kilemba.

"Nimempatia Madam nyanya," akaniambia. "Mfaransa."

Wahugenoti wana msalaba wao, wenye njiwa anayening'inia chini. Madam akataka mmoja wa dhahabu, akapeleka picha Deira kwa Soud, mwenye duka ambaye familia yake ilitoka Unguja zamani. Kuuchukua alitumwa Monicah, nami nikamsindikiza baada ya ibada. Soud akaufungua mbele yetu.

"Huyu ni kuku," Monicah akasema.

"Njiwa huyo, bibi. Fundi kafuata picha."

"Ana kishungi."

"Njiwa wa Kifaransa, pengine." Soud akaupima msalaba kiganjani. "Wa nani huu?"

Monicah akamweleza: wakimbizi, mfalme, meli, mashamba.

"Na sie tulikimbia," Soud akasema. "Mwaka sitini na nne, miye mtoto mdogo. Baba kaja na mama na sanduku moja. Shamba hatukupewa."

"Mlipewa nini?"

"Tulipewa muda wa kukaa," akasema, akafunga kijisanduku.

Wakati huohuo Clifford alileta habari. Kulikuwa na msichana anaitwa Judy, na Judy alikuwa mjamzito, wa kujifungua Mei ya mwaka uliofuata. Hapo ndipo shingo ya Monicah ilipoingia kitanzini, kwa sababu ile sheria ya majina ina mlango wa nyuma. Kama upande wa mvulana haujaenda kwa kina Judy kubisha hodi na kupeleka mbuzi, mtoto ni wa kina Judy, na majina ni ya kwao. Monicah alipendekeza wajomba waende. Mama yake Judy, mwanamke anayeitwa Nyambura, akakataa katakata. Mama wa kijana yuko hai na ana miguu, akasema, aje mwenyewe.

Alikuwa na haki. Na haikuwa shida, kwa kuwa likizo ya Monicah ilikuwa Aprili. Angekwenda, wangepokewa, mtoto angezaliwa Mei, na kama ni msichana, ni Wanjiru. Hesabu ilikaa vizuri.

Kisha Madam akapata mgeni. Shangazi yake Sir, Hester, mama wa miaka themanini aliyeandika historia ya ukoo wa Rossouw na kuichapisha mwenyewe, angekuja mwishoni mwa Aprili. Madam alitaka kumwandalia karamu na kumtandikia mezani ukoo wake yeye mwenyewe, pamoja na Susanna, na msalaba shingoni. Akamuuliza Monicah kama anaweza kusogeza likizo hadi Juni. Nasema kweli tupu: alimuuliza, hakumwamuru. Alisema ni juu yako.

Monicah akakubali.

Aliponiambia niliweka kikombe chini. "We Monicah, uko sawa? Mtoto anakuja May!"

"Mtoto wa kwanza huchelewa."

"Kuchelewa mwezi mzima? Wacha jokes."

"Nikienda, nani ataeleza hayo mambo ya mabinti? Madam huyachanganya."

"Mambo ya mabinti ya nani? Wako ndio hao wanakuja!"

Akasema Judy atamtuliza mama yake. Nilikasirika mpaka nikamwita mjinga mbele ya watu, tena kwa Kijaluo, ambacho hakijui ila alielewa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa tumbo lenyewe lilikuwa la mtu mwingine, huko Nakuru, likiendelea na kazi yake. Lakini nilimwona usoni, kwenye uso ule usiotoa habari. Kwa miaka yote aliyopangusa nyumba za watu, hii ilikuwa mara ya kwanza kuna kitu mezani ambacho ni yeye alikiweka. Alitaka kukiona kikisifiwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hester alikuja na hakuna aliyepona. Alivaa miwani, akaufuata ukoo kwa uma, kutoka Madam kurudi nyuma, na uma ukasimama kwa Pieter. Monicah alikuwa amesimama na bakuli la viazi.

"Mmejuaje kwamba Pieter wenu ni mtoto wa Susanna?" Hester akauliza.

"Kwa binti wa kwanza," Madam akasema. Msalaba ulikuwa shingoni, kuku chini.

"Lakini binti wa kwanza hufuata mama ya mama. Wa pili ndiye hufuata mama ya baba. Pieter wenu ni wa Aletta." Uma ukahama. "Yule wa baharia."

Sir akacheka. Akaacha alipogundua kwamba anacheka peke yake.

"Nani aliwaambia ni mama ya baba?"

Madam alimtazama Monicah, si kwa hasira, ila hakuwa na pengine pa kutazama.

"Kwetu ni mama ya baba," Monicah akasema.

"Kwenu ni wapi?"

"Nyandarua."

Hester akafikiri. "Hiyo iko upande gani wa Cape?"

"Kaskazini," Monicah akasema, akampakulia viazi.

Clifford hana desturi ya kupiga simu. Huwa anaflash, mama yake anapiga. Ijumaa moja ya Mei, tukitoka kanisani, simu iliita na ikaendelea kuita. Monicah akaiweka sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa na vikombe.

"Mum, amezaa. Ni msichana."

Nilimwona akisimama wima.

"Ni mimi?" akauliza.

Kule Clifford akashusha sauti.

"Mum, si unajua hatukuwa tumeenda kwao. Mamake Judy amesema mtoto bado ni wao. Wamemwita Nyambura."

"Judy ako aje?"

"Ako poa."

"Mtoto amenyonya?"

"Amenyonya."

"Basi sawa."

Mama mmoja wa kwaya, Mkikuyu wa Thika, alikuwa amesikia neno msichana akaja mbio amefungua mikono. "Mama Clifford! Umezaliwa?"

"Binti wa kwanza ni wa mama ya mama," Monicah akasema. "Kwa Wafaransa ni hivyo." Akaenda kuosha vikombe. Hapo ndipo hao Wafaransa walipozaliwa, penye sinki la ukumbi wa kanisa, na nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa pamoja. Sikufanya lolote. Nilichukua kitambaa nikamkaushia vikombe.

Madam aliposikia alilia. Alisema ni kosa lake, kwa sababu ya likizo.

"Si wewe, Madam," Monicah akamwambia. "Ni Aletta."

Madam akavua msalaba akampa, akisema yeye hana haki nao tena. Juni Monicah akaenda nyumbani. Walibisha hodi kwa kina Judy, wakapeleka mbuzi, wakala, wakapokewa vizuri kabisa na Nyambura mkubwa. Kisha akakabidhiwa Nyambura mdogo. Kwa Wakikuyu mkwe hataniwi, na mtoto ni yule aliyempa jina. Kwa hiyo Monicah hakumrusha juu wala kumbusu tumbo kama nyanya wengine. Alimpakata kwa adabu, akamsalimia kama unavyomsalimia mkwe, na akamshukuru kwa kuwapokea nyumbani kwake. Halafu akamvika msalaba.

"Huyu ni kuku?" Nyambura mkubwa akauliza.

"Njiwa wa Kifaransa."

Akarudi Dubai. Nyumbani kwa Madam alikuta meza bado ni ukoo. Madam alikuwa ameanza kumpenda yule baharia mlevi, na alikuwa amegundua kwamba wajukuu wa huyo baharia ni wengi kuliko wa Wafaransa. Monicah akaendelea kupangusa chini ya Aletta kila asubuhi. Anasema hajawahi kumdondosha.

Sasa mbuzi walikuwa wamefika, mlango ulikuwa wazi. Binti wa pili angekuwa wake, kwa sheria ya Ol Kalou iliyopinda na kwa sheria ya Cape iliyonyooka. Mwaka 2017 Judy akajifungua mvulana. Mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, hilo halina ubishi popote. Ndegwa.

"Huyo mtu," Monicah akaniambia, "alinitangulia kufa, na sasa amenitangulia kuzaliwa." Alisema kwa uso uleule, lakini siku hiyo hakumaliza chai.

Mwishoni mwa 2019 Judy alikuwa na mimba ya tatu. Monicah hakuitaja, nami sikuitaja. Ijumaa moja Wafilipino walikuwa tayari mlangoni na sisi tukiwa bado ubeti wa mwisho, simu ya Monicah ikaita. Haikukatika. Akaitoa mkobani, akatazama jina, akanipa.

"Pokea wewe."

Nikatoka nayo nje hadi kwenye ngazi, naye akanifuata.

"Clifford, ni Caren. Amezaa?"

"Amezaa, auntie. Msichana."

"Nauliza ni nani."

"Ni yeye," Clifford akasema. Alikuwa analia. "Mwambie ni yeye."

Nikamgeukia. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia kwa Wakikuyu wengine nikayaona kichekesho. "Monicah," nikasema, "umezaliwa."

Uso haukutoa habari. "Nina kilo ngapi?"

Nikauliza. "Tatu na kidogo."

"Na hospitali ina maji?"

Clifford aliisikia sauti yake. Akasema ina, anayasikia yakitoka bombani.

"Ina," nikamwambia.

Ndipo Monicah alipoketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa leso, akalia mpaka Wafilipino wakaanza wimbo wao wa kwanza.